Kumpamba Omugole Kiangazi Kisichoeleweka

Hebu niambie, wewe unayejiita mpambaji: umeamka Bakoba, mtaa wa hapa Bukoba, mwezi wa saba, ukungu umelala juu ya ziwa, jua linachungulia halafu linarudi ndani kama mtu aliyesahau kuvaa, na omugole, bibi harusi wetu, anakungoja na kanga kifuani, uso mtupu. Unaanza na nini?

Swali hili nimewauliza mabinti wanaofanya kazi na mjukuu wangu, Kemilembe. Mmoja akasema anaanza na kusafisha ngozi. Mwingine anaanza na nyusi. Wa tatu, huyo ndiye niliyempenda, akasema anaanza na simu, maana simu inamwambia kama mvua itanyesha. Mawe! Nilicheka mpaka nikashika mlango. Simu inasema mvua Bukoba. Bukoba ipi? Mimi hapa Kibeta naanua nguo huku nakimbia, na dada yangu kule Bakoba ananipigia kusema dagaa wake wamekauka vizuri, anauliza mbona nahema.

Unaanza na mwavuli, bojo. Uujue uko wapi, uujue kama unafunguka, umjue atakayeushika. Uso utakuja baadaye.

Mimi ni Veneranda, wengi wananiita Bibi Mwavuli, na wakidhani sisikii wanasema hivyo hivyo. Kupamba maharusi nimekufanya tangu usichana wangu mpaka kiangazi hiki, mkono ulipoanza kutetemeka. Nilimchora binti mmoja unyusi, ukaondoka kwenye jicho ukapanda kama barabara ya kwenda Kamachumu. Kemilembe akaufuta taratibu, akasema, "Bibi, huu tuuache." Nikajua hasemi unyusi peke yake. Shule nilisoma kidogo tu, herufi na mimi tukaachana bila ugomvi. Kwa hiyo haya nayasema kwa mdomo na Kemilembe anayaandika kwenye simu, awatumie nyinyi wenzake kwenye lile kundi lenu. Akicheka anaacha kuandika, namgoja.

Na kuna jambo mlijue mapema. Huyu anayeandika naye anaolewa, mwisho wa kiangazi hiki hiki, anakwenda kwa watu wa Kamachumu. Nimemlea mimi tangu ananyonya kidole, baba yake, mwanangu, akiwa kazini Mwanza. Na ameniambia uso kwa uso kwamba siku ya kutoka hapa hatalia. Eti kwa ajili ya maskara ya kope.

Kwa mgeni hilo ni neno dogo. Kwetu omugole akitoka kwao macho makavu, watu wanaulizana pembeni: huyu alikuwa anateswa humo ndani, au vipi, mbona anaondoka kama anayetoka hospitali? Na aliyemlea humo ndani ni mimi. Haya, andika, usinikodolee macho.

Kazi niliianzia huko huko Kamachumu, nilikozaliwa. Aliyenifundisha ni Ma Paskazia, fundi cherehani. Alikuwa anashona mabusuti, yale magauni marefu ya akina mama, na maharusi walipelekwa kwake kwa sababu moja kubwa ya kitaalamu: ndiye aliyekuwa na kioo kinachoonyesha mtu mpaka miguuni. Siku yangu ya kwanza akaniambia, "Mpake omugole mafuta, mimi namalizia shela." Hakusema mafuta gani. Mimi nilikuwa nimeona bibi zangu wanavyofanya, nikachukua samli, nikampaka binti wa watu usoni, shingoni, mabegani, mikononi. Kulikuwa na ukungu, hakuna aliyeona kitu. Tulipofika kwa bwana harusi jua likatoka lote. Omugole akang'aa kama kifuniko cha sufuria mpya.

Sasa si mnajua mila yetu, omugole akifika ukweni anapakatwa. Anakaa kwenye magoti ya baba mkwe, kisha ya mama mkwe, ndipo anakuwa mtoto wa nyumba ile. Baba mkwe alikuwa na kanzu nyeupe pee, imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Akampakata, akamkumbatia, wakaimba, wakapiga makofi. Alipomwinua, kwenye kanzu alikuwa amebaki omugole wa pili, na mabega yake na mikono yake.

Ma Paskazia akaninong'oneza, "Veneranda, umempamba au umemkaanga?"

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini yule mzee, Mungu amrehemu, Jumapili akaivaa kanzu ile ile kanisani, haijafuliwa, akawa anawageuzia watu kifua. "Mkwe wangu amenipiga muhuri," anasema. Mkewe hakucheka, maana anayefua ni yeye.

Ndiyo maana nawaambia, kabla hujamshika omugole, jiulize leo atakaa wapi na atashikwa wapi. Mahali pa kushikwa pabaki pakavu. Kiangazi chetu kinaanza na baridi, kinakudanganya umpake mafuta ya kutosha, saa sita kinamyeyusha mbele za watu. Mng'aro weka usoni tu, tena kidogo, juu ya mashavu. Hakuna anayepakata mashavu.

Rangi nazo nilijifunzia barabarani. Mtu wa mjini anadhani nyeupe ni rangi moja. Mpeleke Izimbya mwezi wa nane. Gauni linatoka nyumbani jeupe, linafika kanisani chini lina rangi ya tofali, na mpiga picha anauliza kama ndiyo mtindo. Kwa safari ya vumbi chagua nyeupe ya maziwa, ile iliyokwisha kukata tamaa kidogo, vumbi likitua linaonekana ndugu yake. Ile nyeupe ya kumeta iache kwa anayeolewa jirani na kanisa. Kamachumu kwenye ukungu nyeupe ya kumeta inageuka kama maji ya kuoshea sahani, na omugole anaonekana mgonjwa. Huko mtie njano kidogo, hata ua la kichwani, uso upate mahali pa kuotea moto.

Na gambuti. Mnacheka? Nimewatoa maharusi wengi nyumbani kwao wakiwa na gambuti chini ya gauni, viatu vya kisigino vimo kwenye mfuko wangu. Pindo tunalipandisha kwa pini mpaka magotini, tunapita shambani kwenye migomba, tukifika kwenye gari tunashusha. Watu wanaona omugole anaelea. Haelei, amevaa gambuti za baba yake zilizotoka kumwagia kahawa dawa.

Sare za kamati sitaki hata kuzikumbuka. Kamati ikikaa kuchagua rangi inapiga kura kama ya udiwani, na satini ya bluu ndiyo inashinda kila mara. Satini, jamani! Tone moja likidondoka linakaa hapo kama shahidi. Kuna harusi ya Bakoba manyunyu yalipita kwa muda wa kusema amina, wajumbe wote wakaonekana wamenyunyiziwa chai. Walutheri walikuwa hao. Wakatoliki wasichekelee, wao satini yao inaharibikia ndani ya kanisa, kwa jasho, kabla ya mahubiri kufika katikati. Kitenge kinasamehe. Hata ukikimwagia mchuzi kinasema hilo ni ua.

Halafu upepo wa ziwa. Unakuja mchana, hausemi unakuja. Ukimpaka omugole rangi ya mdomo nyekundu yenye mafuta, shela inapeperuka inamganda mdomoni. Niliona mara nyingi: shela imembusu kabla ya bwana harusi, na alama imebaki. Paka, bana na tishu, gusa poda, paka tena nyembamba. Mdomo usiwe na kitu cha kumpa upepo.

Vifaa vyangu vya zamani mkiviona mtanionea huruma. Kijiti cha wanja, mafuta ya kopo, sponji niliyoikata kwenye godoro letu wenyewe, mume wangu akalalia shimo hilo miaka yote na kulisifu kwamba linamfaa ubavu. Rangi moja ya mdomo, hiyo hiyo mdomoni, hiyo hiyo mashavuni, ikibaki inapakwa wasimamizi. Na poda ya dukani ilikuwa rangi moja, ya mtu ambaye hajazaliwa kwetu. Kila omugole tulimpaka hiyo. Kwenye picha za zamani utaona uso umekwisha kuolewa mjini, shingo imebaki Izimbya. Hilo Kemilembe ndiye aliyeliponya. Alikwenda kusomea mambo haya Mwanza, akarudi na vikopo kama vya fundi rangi. Anachanganya fandesheni, anajaribu kwenye taya, anamtoa omugole akiwa yeye mwenyewe, ila kama aliyelala vizuri. Nilipoona mara ya kwanza nilikaa chini. Nikajisemea, Veneranda, watoto wa watu umewapaka chokaa maisha yako yote, na walikushukuru.

Basi, hayo yote yana dawa. Kesi iliyonishinda ilikuwa ya macho.

Kemilembe alikuwa bado mwanafunzi. Niliitwa Izimbya kwa binti anaitwa Adelina, anaolewa na kijana wa hapa hapa Kibeta, fundi wa redio, mfupi, mcheshi. Bwana harusi alimletea kutoka Dar kikasha cha vipodozi, ndani mna maskara ambayo haitoki kwa maji. Mbingu siku hiyo ilikuwa haijaamua, huku jua, kule juu ya migomba wingu. Nikasema hii ndiyo siku yake, nikampaka. Kope zikasimama kama mswaki mpya.

Wa kumshika mkono na kumtoa nje alikuwa shangazi yake, Leokadia, dada wa baba. Mama mrefu, busuti ya kijani, na kwenye macho alijipaka wanja wa zamani, mwingi, yeye mwenyewe bila kioo. Akaingia chumbani, akamtazama mtoto.

"Mbona huyu anacheka?"

"Sicheki, Shangazi," Adelina anasema, na meno yote yako nje.

"Omugole wa kwetu hatoki na meno. Lia."

"Shangazi, nampenda. Nifanyeje?"

"Umpende ukifika! Hapa ulie. Mama yako huyo yuko jikoni, unamwachia nini, kicheko? Mimi sitakushika mkono namna hiyo. Nitakaa hapa kitandani, harusi iende bila mimi."

Na akakaa kweli, kitanda kikalalamika. Bila shangazi hakuna wa kumtoa. Huko barabarani magari ya upande wa pili yanapiga honi. Wakaanza kumsaidia mtoto alie. Mmoja akasema, fikiria bibi yako marehemu. Adelina akafikiria, akakumbuka bibi alivyomfukuza padri kwa ufagio akidhani ni mwizi wa ndizi, akacheka mpaka akashika mbavu. Mwingine akaleta kitunguu. Nikamwambia rudisha jikoni, kitunguu kinaliza pua, na pua kwenye picha haina heshima. Mama yake akachungulia mlangoni, akamtazama binti yake, akarudi jikoni. Hapo ndipo nilipoona mambo si mzaha. Yule mama alikuwa anangoja kuona kama ataliliwa.

Nikachungulia dirishani. Lile wingu limesogea, na jua bado linawaka. Anayeijua mvua yetu ya kiangazi anajua maana yake. Nikachukua mwavuli, nikasema, "Shangazi, mshike twende. Machozi yako njiani."

"Una uhakika?"

"Mimi ndiye mpambaji."

Tukatoka. Shangazi kamshika mkono wa kulia, mimi kushoto na mwavuli, maana mpambaji siku zote anakaa kushoto, kulia ni kwa mpiga picha. Tulipofika katikati ya uwanja manyunyu yakaanza. Nikaushika mwavuli wangu, nikaubonyeza, nikautikisa, nikaugomba. Ukakataa kabisa kufunguka, mwavuli ambao haujawahi kunikatalia tangu niununue. Omugole akainua uso kuuliza kuna nini, na matone yakamtua mashavuni, moja, jingine, yakateremka.

"Analia!" shangazi akapiga kelele. "Mtoto wetu analia!"

Vigelegele! Mama akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi. Na shangazi mwenyewe, yule wa kulazimisha watu, akaangua kilio cha kweli. Wanja wake ukafunguka, ukashuka mifereji miwili mpaka kwenye kola ya busuti. Mpiga picha akaacha kumpiga omugole, akampiga yeye. Mpaka leo Izimbya wanahadithia kwamba harusi ile aliyependeza ni Adelina na aliyelia ni Leokadia.

Lakini sikilizeni. Tukaingia kwenye gari, milango ikafungwa, mwavuli ukapona. Adelina akageuka kuangalia nyumbani kwa kioo cha nyuma. Akamwona mama yake amesimama na mwiko. Ndipo akalia, bojo, kilio cha tumbo, kutoka Izimbya mpaka lami. Bwana harusi hayumo, shangazi yuko gari jingine, shahidi ni mimi na dereva, na dereva aliongeza sauti ya redio kwa adabu. Tulipofika kanisani nikamtazama nimrekebishe. Hakuna cha kurekebisha. Kope zimesimama, mashavu safi, maskara ya Dar haikuacha hata alama. Watu walishangilia maji ya mvua, machozi yenyewe hakuna aliyeyaona. Na mama yake mpaka leo anakumbuka yale ya uwanjani. Sijamwambia kitu. Nimwambie nini?

Ndiyo maana sina ugomvi na fandesheni, wala na hicho cha kupuliza usoni ili vipodozi visitoke; kiangazi hiki nimekiona kikimwokoa omugole wa Bakoba kwa jua, upepo na mvua siku moja. Nina ugomvi na kitu kimoja tu, dawa ya jicho isiyotoa habari.

Turudi kwa huyu anayeandika. Safari yake ni ya hali ya hewa tatu: Kibeta manyunyu, njiani vumbi, Kamachumu ukungu. Tumebishana gauni wiki nzima. Yeye alitaka ile ya kumeta, mabega wazi. Nikamwambia Kamachumu mabega wazi yatasimama vinyweleo kama kuku aliyenyonyolewa, na baba mkwe atapakata barafu. Akakubali mikono mirefu ya lesi, nyeupe ya maziwa. Mimi nikakubali shela ndefu, nikaomba tu ifungwe fundo mpaka mlango wa kanisa. Gambuti alikataa, akasema yeye ni mpambaji, ana jina. Juzi akaniuliza kwa sauti ndogo, "Bibi, zile gambuti zako ni saizi gani?"

Yamebaki macho.

Jana tulikuwa barazani, mimi nasema, yeye anaandika, na manyunyu yanapita na jua linawaka, mbuzi hajui aingie au abaki. Tukafika hapo kwa Adelina, kwenye kioo cha nyuma cha gari. Nikaona ameacha kuandika, na hacheki.

"Bibi, hayo ya mama yake hujawahi kuniambia."

"Hujawahi kuniuliza. Wewe unaniuliza mambo ya nyusi."

Nikamwambia, "Sasa tuseme ukweli. Watu wa Kibeta wataniuliza nilikulea vipi. Utalia au hutalia?"

"Bibi, mimi sijasema sitaki kulia." Akaigeuza simu juu ya goti. "Nikianza sitaacha. Nitalia mpaka Kamachumu, nitafika nimevimba kama andazi, baba mkwe ataniuliza nani amekufa. Hilo ndilo ninaloogopa. Maskara nilisema tu."

Nikarekebisha kanga.

"Na mwavuli atashika nani?" akauliza.

"Mkono unatetemeka. Mpe mwenzako mmoja."

"Utashika wewe. Ukitetemeka, watu watasema upepo." Akasogea, akaniegemea bega kama zamani akiwa na homa. "Wewe utakuwa kushoto, si ndiyo? Na mpiga picha kulia. Basi jicho la kulia nitalipaka maskara yangu, ile isiyotoka. La kushoto nitalipaka wanja wako, kwa kile kijiti chako. Chozi likimwagika limwagike na wanja mpaka kwenye lesi. Sitalifuta, na sitaruhusu mtu alifute, mpaka uwe umeliona vizuri. Nakuahidi, Bibi."

Nikamwambia ahadi hiyo aiandike. Akasema ameshaiandika.